Nilivyoingia Kiitaliano kwa Mlango wa Ngeli

Mwalimu aliichukua kalamu iliyokuwa mezani kwangu, akaiweka mbele ya kijana aliyeketi pembeni yangu, kisha akamuuliza: "Hai la penna?" Una kalamu? Kijana akajibu bila kusita: "Sì, ho la penna." Mwalimu akasema hapo hakuna kosa la sarufi, ila Mwitaliano hajibu hivyo. Akaenda ubaoni akaandika vijineno vilivyobanana: ce l'ho.

Darasa likanyamaza. Kitabu chetu, kilichofundisha Kiitaliano kwa Kiingereza, kilikuwa kimetumia karibu ukurasa mzima kuieleza ce hiyo, kazi yake na kwa nini haifai kusema lo ho. Wenzangu waliinama wakainakili kama kanuni ya hesabu. Mimi niliduwaa kwa sababu nyingine kabisa. Mtu akiniuliza kwa Kiswahili, "Una kalamu?", simjibu "Nina kalamu". Namjibu "Ninayo". Akiuliza kitabu, nasema "Ninacho". Akiuliza viatu, "Ninavyo". Ile namna ya kurejelea kitu kilichokwisha kutajwa, iliyowatoa wenzangu jasho, nilikuwa nikiitumia tangu nilipoanza kusema.

Tulikuwa wiki ya kumi ya muhula wa kwanza. Wiki tisa zote nilikuwa nimejifunza Kiitaliano kwa kupitia Kiingereza: nasikia neno, nalipeleka Kiingereza, nalielewa huko, ndipo nalirudisha. Kwenda nyumba ya jirani kwa kuuzunguka mtaa mzima. Jioni ile nilifungua daftari jipya, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto Kiitaliano, kulia Kiswahili. Kiingereza nikakiacha nje, na mambo yakaanza kufunguka.

Kwanza, upatanisho. Katika Kiitaliano kila nomino ina jinsia, ya kiume au ya kike, na kivumishi lazima kiifuate. Libro rosso, kitabu chekundu. Libri rossi, vitabu vyekundu. Casa rossa, nyumba nyekundu. Case rosse, nyumba nyekundu nyingi. Vitabu vingi vya kufundishia huomba radhi mapema kuhusu jambo hili, kwa kuwa Kiingereza hakina mazoea nalo: neno red linabaki red hata vitu vikiwa elfu. Lakini mtu aliyekua akisema "vitabu vyangu vipya viwili vimepotea" hahitaji kuombwa radhi. Sisi tunapatanisha kivumishi, kimilikishi, idadi na hata kitenzi, tena kwa ngeli nyingi, wakati Waitaliano wanatuomba jinsia mbili tu zenye umoja na wingi. Tofauti kubwa ni mahali pa alama. Kiswahili kinaiweka mwanzoni mwa neno, Kiitaliano kinaiweka mwishoni. Nilipoanza kusoma sentensi za Kiitaliano huku macho yangu yakitazama mkia wa kila neno badala ya kichwa chake, nilianza kuona nani anakwenda na nani.

Hata vigeugeu vyao nilivikuta na ndugu zake kwetu. Wanafunzi huonywa mapema kuhusu il problema: neno linaishia na -a kama la kike, kumbe ni la kiume. Vivyo hivyo il sistema, il tema na il programma, maneno yenye asili ya Kigiriki. Na kinyume chake, la mano, mkono, linaishia na -o lakini ni la kike. Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba lugha gani hii inayovunja kanuni yake yenyewe. Nikamwuliza, kiongozi ni neno la ngeli gani? Kwa umbo ni KI-VI. Je, tunasema "kiongozi kizuri kimefika"? Tunasema "kiongozi mzuri amefika". Kiboko mkubwa, vipofu wawili. Umbo linasema hili, upatanisho unasema lile, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeona ajabu. Tangu hapo il problema serio haikunisumbua tena.

Au tazama rangi. Rosso na nero zinabadilika kufuata nomino, lakini blu, rosa na viola hazibadiliki: scarpe rosse, viatu vyekundu, ila scarpe blu, scarpe rosa. Blu ni neno la kuazima, na rosa na viola yalikuwa kwanza majina ya maua. Na sisi tuna safi, ghali, hodari, rahisi: vitabu vizuri, lakini vitabu rahisi. Mgeni hakai sawasawa na wenyeji, katika lugha zote mbili.

Kuna moja ambalo lilinifurahisha hadi nikaamka kitandani kuliandika. Viungo vya mwili vingi katika Kiitaliano vina wingi wa ajabu: il braccio, mkono, ni neno la kiume, lakini wingi wake, le braccia, ni wa kike. Il dito, kidole, le dita. Il ginocchio, goti, le ginocchia. Il labbro, mdomo, le labbra. Na yai, l'uovo, wingi wake le uova. Sababu yake ni Kilatini, kilichokuwa na jinsia ya tatu iliyokwisha kupotea, isipokuwa katika mabaki kama haya. Nikawaza jicho na macho, jino na meno: maneno ambayo mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa yahifadhi tu, kwa sababu umbo la kale limekunjamana ndani yake. Maneno yanayotumika kila saa, yanayohusu mwili, ndiyo yanayokataa kunyooshwa.

Nisiseme kana kwamba kila kitu kilikuwa mteremko. Vijineno vinavyotangulia nomino, il, lo, la, l', i, gli, le, havina ndugu kwetu. Kiswahili kinasema "kitabu" na kuacha mazingira yaamue kama ni kitabu fulani au kitabu chochote. Kiitaliano kinadai uamue kila mara, halafu uangalie neno linaanza na sauti gani. Il libro, lakini lo studente kwa sababu ya s inayofuatwa na konsonanti, lo zaino kwa sababu ya z, lo psicologo, lo gnomo. Wingi wake gli studenti, gli zaini. Kisha vihusishi vinamezana navyo: di na il vinakuwa del, in na la vinakuwa nella, su na gli vinakuwa sugli. Huko kumezana tu ndiko nilikokujua, kwa sababu na yeye inakuwa naye, na wewe inakuwa nawe. Mengine yote nilijifunza kwa kurudia. Nilikuwa nikitembea korido za chuo nikitaja kila ninachokiona pamoja na kitangulizi chake: la porta, lo specchio, la finestra, l'orologio, gli scaffali. Ilinichukua mwaka mzima, na sijui njia fupi ya kumwonyesha mtu.

Masomo yetu yalipangwa kwa stadi nne, kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kutoka ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, hadi A2, inayoifuata. Kusoma kwa sauti hakukunipa taabu. Herufi za Kiitaliano ni za kuaminika karibu kama zetu: a, e, i, o, u zinasomwa zilivyo, maneno mengi yanaishia na irabu, gn ni ny yetu ya nyota, ci ni chi, sci ni shi. Sauti ngeni kwangu zilikuwa hasa ile gli na z inayosikika kama ts au dz. Wenzangu wa lugha nyingine walihangaika na ciao na chiesa wiki nzima.

Mtego ulikuwa mkazo. Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, na Kiitaliano nacho hufanya hivyo mara nyingi. Hiyo "mara nyingi" ndiyo iliyoniangusha. Nilisema tavólo, nikaambiwa ni távolo. Nilisema abitáno, ni ábitano. Majina ya miji, Napoli, Genova, Modena, yote nilikuwa nikiyakanyaga katikati wakati wenyewe wanaanza na uzito mbele. Na mkazo ukihama maana inaweza kuhama: áncora ni nanga, ancóra ni bado au tena. Nilipoona mfano huo nilikumbuka barabara. Tunapita barabára, lakini kazi imefanywa barábara. Neno moja hilo nililiandika kwa wino mzito juu ya ukurasa, likawa ushahidi wangu kwamba sikio langu linaweza kusikia tofauti hii, halijazoea tu.

Konsonanti pacha zilinipata katika imla. Mwalimu alisoma polepole sentensi iliyokuwa na nonno na cappello, babu na kofia. Mimi niliandika nono na capello. Karatasi ilirudi na mistari miwili myekundu: nono ni wa tisa, capello ni unywele. Nilirudia kuisikiliza rekodi mpaka nikachoka, sisikii n mbili popote. Kisha nikajaribu kusema nne. Nne, kama tunavyohesabu: ulimi unatulia kwenye n kabla ya kuiachia. Mmoja nayo hivyo hivyo, midomo inafungwa na kungoja. Nikasema non, nikatulia kama kwenye nne, nikaachia no. Nonno. Kutoka hapo nilitafuta kituo hicho kifupi katika penna, anno, palla, notte, na nikakikuta.

Maneno yenyewe nayo yalianza kuniita jina. Vino ni mvinyo, carta ni karatasi yao na karata yetu, padre ni padri. Yetu yalipitia kwa Wareno, yao yanatoka kwa mama yule yule, Kilatini. Lakini kilichonigusa zaidi ni yale yaliyotoka kwa Waarabu, kwa sababu Waarabu walifanya biashara na pwani yetu na pia na bandari za Italia. Zucchero, sukari. Zafferano, zafarani. Cifra, tarakimu, na zero, yote yametoka kwenye neno lile lile lililotupa sifuri. Leonardo wa Pisa, anayeitwa pia Fibonacci, aliwaeleza Wazungu tarakimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1202. Dogana, forodha yao, inatokana na diwani. Magazzino, ghala, ina mzizi mmoja na hazina. Na arsenale, jina la karakana kubwa ya meli ya Venezia, linatoka kwenye maneno ya Kiarabu yenye maana ya nyumba ya ufundi, na ndani yake mna sanaa yetu hii hii. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ninajifunza lugha ya mbali.

Mwalimu wetu alikuwa mzaliwa wa Napoli. Alituambia kwamba bibi yake aliongea Kinapoli nyumbani maisha yake yote, na kwamba Kiitaliano tunachofundishwa kilitokana na lahaja ya Firenze ya karne ya 14, lahaja waliyoiandikia waandishi Dante, Petrarca na Boccaccio. Accademia della Crusca, taasisi ya lugha, ilianzishwa huko Firenze mwaka 1583, ikatoa kamusi yake mwaka 1612, lakini Italia ilipounganishwa mwaka 1861 watu wengi bado walikuwa wakiongea lahaja za kwao. Nikamsimulia habari ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza walioongea lahaja nyingine walipokeaje. Swali hilo lingeweza kuulizwa na mtu wa Lamu.

Vitenzi ndivyo vilivyonipa raha kubwa. Mi piace huogopwa na kila darasa, kwa sababu kitu kinachopendwa ndicho kinachotenda. Mi piace il libro, mi piacciono i libri. Kwetu: kitabu kinanipendeza, vitabu vinanipendeza. Kitenzi kinafuata vitabu. Mimi nimekaa katikati kama kiambishi kidogo cha -ni-. Na viwakilishi vya mtendwa vinavyotangulia kitenzi? Barua, le lettere: le leggo, ninazisoma. Vitabu, i libri: li leggo, ninavisoma. Tena wanapotumia wakati uliopita wanapatanisha mkia pia: le ho lette, nimezisoma; li ho letti, nimevisoma. Nafsi haihitaji kutajwa, kitenzi kinaibeba chenyewe: parlo, nasema, parliamo, tunasema, piove, inanyesha.

Kisha kuna wakati uliopita wa aina mbili, unaojaza kurasa na kurasa za mazoezi. Leggeva quando sono entrata: alikuwa akisoma nilipoingia. Da bambina leggevo molto: nilipokuwa mtoto nilikuwa nikisoma sana. Kitendo kinachoendelea au cha mazoea kinapata imperfetto. Kitendo kilichotokea na kukamilika kinapata passato prossimo. Nilichofanya ni kuuliza: kwa Kiswahili hapa ningeweka "nilikuwa niki-"? Ikiwa ndiyo, imperfetto. Kipimo hicho hakinifikishi kila mahali, ila kimeniokoa mara nyingi kuliko jedwali lolote.

Lakini katika wakati huo huo uliopita nilikutana na jambo ambalo Kiswahili hakikuniandaa nalo hata kidogo. Mwalimu alituambia tuandike kwenye vipande vya karatasi, bila majina, tulivyoitumia Jumamosi. Akavikusanya akaanza kuvisoma kwa sauti na kuvigawa katika mafungu mawili mezani. Sono uscita con mia sorella, fungu la kulia. Sono andato al cinema, fungu la kushoto. Alikuwa anatenganisha wanawake na wanaume kwa herufi moja ya mwisho. Karatasi yangu ilisema sono tornato a casa tardi, nimerudi nyumbani kwa kuchelewa, kwa sababu nilikuwa nimechukua umbo lililoko kwenye kamusi. Akaiweka kushoto.

Niliitazama karatasi ile kwa muda. Kwa Kiswahili ninaweza kuandika kurasa kumi, nimerudi, nimechoka, nimefurahi, na msomaji asijue kama mimi ni mwanamke mpaka niamue kumwambia. Yeye ni yeye. Mpenzi ni mpenzi. Washairi wetu wameimba mapenzi kwa karne nyingi ndani ya stara hiyo. Kwa Kiitaliano, nikisema tu kwamba nimechoka, sono stanca, nimekwisha kujitaja. Sikulichukia jambo hili, ila nililihisi mwilini, kama mtu anayeombwa kitambulisho kwenye mlango aliokuwa akipita bila kuulizwa. Na darasa letu lilikuwa na wanawake kumi na mmoja na mwanamume mmoja. Kwa sababu yake huyo mmoja tulilazimika kusema siamo andati, kwa kiume. Hilo sikulipenda, na bado silipendi.

Mwaka wa pili ukaleta congiuntivo, umbo la kitenzi la kutaka na kudhani, na hapo nikaona watu wazima wakikata tamaa. Voglio che lui vada. Bisogna che tu venga. Nataka aende. Lazima uje. Ile -e ya mwisho, ya kutaka, kuomba na kulazimu, ndiyo hiyo. Si kila mahali. Wao wanasema penso che sia malato, na kitenzi kinageuka kwa sababu ni dhana tu, wakati sisi tunasema "nadhani ni mgonjwa" na kitenzi hakishtuki. Lakini kulielewa wazo lenyewe, kwamba jambo linalotakiwa halisemwi kwa sauti ya jambo lililopo, hakukunichukua hata dakika.

Katika vitenzi Kiswahili kilinidanganya mara moja tu, na mahali penyewe ni -nge-. Ningekuwa na pesa, ningenunua. Pande zote mbili -nge-, mizani iliyosawazika. Kiitaliano hakitaki mizani. Upande wa sharti unapata congiuntivo ya imperfetto, upande wa matokeo unapata condizionale: se avessi i soldi, comprerei. Mimi nikawa nasema se avrei, comprerei, kila mara, kwa moyo wote. Mwalimu alisema hilo ni kosa ambalo hata watoto wa Kiitaliano hukemewa shuleni. Nilipitisha muhula nikilipiga vita. Niliandika se na avessi kwenye karatasi moja kubwa ukutani, zikiwa zimeungana kama neno moja, nisije nikazitenganisha.

Mtihani wa mdomo wa mwisho ulifanyika katika chumba kidogo chenye meza moja na viti vitatu. Mtahini hakuwa mwalimu wetu. Aliniuliza habari za masomo, za nyumbani, za Jumamosi. Sono uscita, sono tornata, nikazipita salama. Kisha akafunga faili lake, akainua macho.

"Se avesse più tempo, che cosa farebbe?"

Kama ningekuwa na muda zaidi, ningefanya nini. Nilisikia -nge- mbili zikipanda pamoja kifuani. Niliiacha ya pili, nikaishika ya kwanza na kuibadilisha kabla haijafika mdomoni.

"Se avessi più tempo," nikasema, "leggerei di più."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akauliza ningesoma nini.